Somo la Redio kwa Watu Wazima: Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Leo tutasoma habari za mtu mmoja. Kwanza namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: MIZANI, RATILI, KURA. Yasomeni kwa sauti, mara mbili.

Mizani mnaijua. Hapa kwetu iko ya kila aina: ya duka la sukari, ya pamba, na ile ndogo ya dhahabu ambayo hata pumzi ya mtu huitikisa. Ratili ni kipimo cha zamani. Ratili mbili na kidogo ni kilo moja. Siku za Waingereza pamba ilipimwa kwa ratili. Habari za kura tutazifikia.

Miaka ya 1940 mkulima wa Usukuma alilima pamba, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo mpaka kwa mnunuzi. Wanunuzi wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, wengine wenye vinu vya kuchambulia pamba. Mzigo ukapimwa, karani akataja hesabu, akalipa. Wakulima wengi hawakujua kusoma namba za mizani, na aliyejua alikuwa peke yake mbele ya mnunuzi. Watu walinung'unika sana kwamba ratili zao zinapunguzwa.

Nataka mwelewe jinsi wizi wa namna hii unavyofanya kazi. Hauchukui mzigo mzima. Huchukua kidogo tu. Chukueni mfano wangu: ratili 3 zimepunguzwa katika mzigo wa ratili 60. Nani atagombana kwa ratili 3? Lakini mnunuzi aliyepima mizigo 100 siku hiyo amejipatia ratili 300. Gawanyeni kwa 60. Ni mizigo mitano, wala hakushika jembe.

Mtu aliyelishika jambo hili ni Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, baba yake akiwa mhubiri. Baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya ukarani wa hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui, hapa Shinyanga. Mwaka 1947 akaenda Mwanza kwenye chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika, wale wenye maduka madogo, akawa katibu wao. Huko alijifunza upande wa pili wa mizani, yaani upande wa mtu anayenunua.

Kisha akawageukia wakulima. Kuanzia kama mwaka 1950 yeye na wenzake walizunguka vijijini, na mwaka 1952 kulikuwa na chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa chini ya uongozi wake. Dawa yao ilikuwa nyepesi kuliko mnavyodhani. Waliweka mpimaji wao penye soko la pamba. Mkulima alipima kwanza kwa mpimaji huyo, akilipa ada ndogo, ndipo akaenda kwa mnunuzi akijua ratili zake. Hakuna hotuba wala fujo hapo. Ni namba tu iliyojulikana na watu wawili badala ya mmoja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, hata zile za uwaziri.

Mwaka 1953 alikwenda Uingereza, chuo cha ushirika cha Loughborough. Aliporudi, vyama vikaungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, naye akawa meneja mkuu. Shirikisho likajenga kinu chake huko Kasamwa, Geita. Kufika mwaka 1960 vyama vilikuwa vimekamata karibu pamba yote ya kanda hii.

Mbona mtu wa mizani akaingia siasa? Kumbukeni kwamba tangu 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikataza matawi ya TANU katika Usukuma. Chama cha siasa kilifungwa, lakini chama cha pamba kiliruhusiwa. Watu wakakutana penye pamba. Gavana alikuwa amekwisha mteua Bomani katika Baraza la Kutunga Sheria. Baadaye akaingia kwa kuchaguliwa, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha.

Watetezi wa namna hii wako hata mbali. Marekani yuko Ralph Nader, aliyetoa kitabu mwaka 1965 juu ya hatari za motokaa, akawalazimisha wenye viwanda na serikali kushughulikia usalama. Alipogombea urais mwaka 2000 alipata chini ya kura 3 katika kila 100. Watu walikuwa wakifunga mikanda ya motokaa kila siku, na kura hawakumpa.

Mwaka huo huo wa 1965, mwezi Septemba, kwetu kulikuwa na uchaguzi. TANU iliweka wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Huko Mwanza, Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akashindwa!

Mpiga kura haandiki sababu juu ya karatasi yake. Lakini mwaka uliofuata Rais Nyerere aliunda kamati kuchunguza vyama vya ushirika, nayo ikasikia malalamiko ya fedha zilizopotea na ya mizani isiyo ya haki. Mizani ya ushirika, ndugu zangu, si ya yule mnunuzi wa zamani. Mwaka 1967 serikali ikalichukua Shirikisho lenyewe.

Bomani hakutupwa. Mwalimu alimteua kuwa mbunge na waziri tena, na mwaka 1972 akapelekwa balozi Marekani. Alifariki mwaka 2005, akiwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kazi ya juma hili. Nendeni sokoni au kwenye duka lolote lenye mizani. Tafuteni stika ya Wakala wa Vipimo, msome mwaka ulioandikwa. Kisha mpime kitu kimoja kwenye mizani mbili mbalimbali, mwandike namba zote mbili katika daftari, na jina la kitu. Mwalimu atazisoma Jumatatu.