Ardhi, Hati na Uasi: Walowezi wa Uingereza Nchini Ireland, 1541–1921

Wanormani wa Uingereza walivuka bahari kwenda Ireland mwaka 1169, na Mfalme Henry II akawafuata mwaka 1171. Hata hivyo, mwishoni mwa karne ya 15 amri za mfalme zilitiiwa kwa hakika katika ukanda mwembamba tu kandokando ya Dublin. Kwingineko walitawala viongozi wa koo za Waairishi na mabwana wa Kinormani waliokwisha kuzoea lugha na desturi za wenyeji. Mabadiliko makubwa yalikuja kati ya 1541 na 1660. Majeshi yalishinda vita, lakini kilichowanyang'anya wenyeji nchi yao kilikuwa sheria na hati za ardhi. Kwa sababu hiyo upinzani wa Waairishi, hata ulipobadili viongozi, silaha na madai, ulirejea daima kwenye suala la ardhi.

Sheria mbili juu ya ardhi moja

Katika sheria ya Waairishi, ardhi ilikuwa mali ya ukoo. Kiongozi alichaguliwa miongoni mwa wanaume wa nasaba ya watawala. Alikusanya ushuru na kuongoza vita, lakini hakuweza kuuza eneo la watu wake wala kumwachia mwanawe kama urithi.

Mwaka 1541 Bunge la Dublin lilimtangaza Henry VIII kuwa mfalme wa Ireland. Viongozi wa koo wakatakiwa kusalimisha ardhi kwa mfalme, kisha warudishiwe kwa hati yake, wapewe vyeo vya Kiingereza, na mzaliwa wa kwanza awe mrithi. Conn O'Neill wa Ulster alikubali mwaka 1542 na kufanywa Earl wa Tyrone. Mgogoro ukazuka: serikali ilimtambua Matthew kuwa mrithi wake, ilhali ukoo ulimfuata Shane, mwanawe mwingine. Miaka ya mapigano ikafuata hadi Shane alipouawa mwaka 1567.

Athari ya ndani zaidi ilijificha ndani ya hati yenyewe. Ardhi ya maelfu ya watu ilikuwa imeandikwa kwa jina la mtu mmoja. Akihukumiwa kuwa mhaini, ingechukuliwa yote, na watu ambao hawakuwahi kuulizwa wangeipoteza pamoja naye.

Mipango ya kuleta walowezi ilianza mwaka 1556 katika maeneo ya Laois na Offaly. Baada ya uasi wa ukoo wa Desmond kuzimwa mwaka 1583, ikaenezwa Munster kusini. Miongoni mwa waliopata mashamba huko walikuwa Walter Raleigh na mshairi Edmund Spenser. Mwaka 1598 waasi waliyafagia makazi hayo karibu yote katika muda mfupi, na Spenser akakimbia na familia yake. Serikali ilijifunza kwamba walowezi waliotawanyika bila ulinzi hawawezi kudumu.

Vita vya Hugh O'Neill na mpango wa Ulster

Nguvu ya uasi ule ilitoka kaskazini. Hugh O'Neill, mwana wa Matthew, alizijua siasa za Waingereza kwa karibu, na aliwafunza wakulima wake kutumia bunduki. Mnamo Agosti 1598 alilishinda vibaya jeshi la Malkia Elizabeth I kwenye Yellow Ford. Hispania ilimtumia msaada, lakini askari wake walishuka Kinsale, kusini kabisa, mbali na ngome za O'Neill. Ilimbidi avuke nchi nzima wakati wa baridi, na hapo Kinsale akashindwa mwaka 1601. Kamanda wa Waingereza, Mountjoy, aliendelea kuchoma mazao ya Ulster hadi njaa ikaua watu wengi. O'Neill alisalimu amri Mellifont mnamo Machi 1603, siku chache baada ya kifo cha malkia ambacho hakuwa amearifiwa.

Alirudishiwa ardhi yake, lakini sasa chini ya sheria ya Kiingereza peke yake. Kati ya 1605 na 1608 mahakama za Dublin zilitamka kwamba mila za Waairishi za kurithi na kugawana ardhi hazina nguvu. Mnamo Septemba 1607 O'Neill na Earl wa Tyrconnell walipanda meli Rathmullan wakaelekea bara la Ulaya. Serikali ilikuita kuondoka huko uhaini, na kaunti sita zikatwaliwa: Armagh, Cavan, Coleraine, Donegal, Fermanagh na Tyrone.

Mpango uliotangazwa mwaka 1609 ulizingatia yaliyotokea Munster. Ardhi iligawanywa katika mafungu ya ekari 1,000, 1,500 na 2,000. Kwa kila ekari 1,000, mpewa shamba kutoka Uingereza au Uskoti alitakiwa kuleta wanaume 24, kujenga boma la ulinzi na kutopangisha Mwairishi yeyote. Askari na watumishi wa serikali walipata fungu lao. Waairishi waliohesabiwa watiifu walipewa sehemu ndogo, nao walilipa kodi mara mbili ya ile ya walowezi. Vyama vya wafanyabiashara wa London vilikabidhiwa kaunti ya Coleraine, ambayo mwaka 1613 ilipewa jina la Londonderry pamoja na mji wa Derry uliozungushiwa kuta.

Utekelezaji haukulingana na maandishi. Walowezi walikuja wachache kuliko ilivyotarajiwa, na wenye mashamba walihitaji kodi na nguvu kazi. Kwa hiyo Waairishi wengi walibaki, wakawa wapangaji katika ardhi ya babu zao, wakilipa kodi kubwa bila hakika ya kesho.

Uasi wa 1641 na ushindi wa Cromwell

Mnamo Oktoba 1641 Waairishi wa Ulster, waliokuwa Wakatoliki, waliinuka dhidi ya walowezi Waprotestanti, wakiongozwa na Phelim O'Neill. Walowezi walifukuzwa majumbani katika baridi kali na maelfu wakafa, wengine kwa kuuawa na wengine kwa njaa na maradhi. Walowezi nao walilipiza kisasi. Ushahidi wa walionusurika uliandikwa na bado umehifadhiwa katika Chuo cha Trinity, Dublin. Habari zilizotiwa chumvi kuhusu idadi ya waliouawa zilitumiwa Uingereza kuhalalisha vita vya kisasi.

Oliver Cromwell, kamanda wa jeshi la Bunge la Uingereza, aliwasili Agosti 1649. Kule Drogheda na Wexford askari wake waliua walinzi wa miji pamoja na raia. Vita vyenyewe vilikuwa tayari vimelipiwa kwa ardhi ya Waairishi: tangu 1642 Bunge la London lilichukua fedha za wakopeshaji kwa ahadi ya mashamba yatakayotwaliwa, na askari nao wakaahidiwa ardhi badala ya mishahara. Sheria ya 1652 ilipanga adhabu kwa makundi, na wenye ardhi Wakatoliki wakaamriwa kuhamia ng'ambo ya mto Shannon, Connacht. William Petty alisimamia upimaji wa nchi ili mashamba yagawiwe. Wakatoliki walimiliki takriban asilimia 60 ya ardhi mwaka 1641. Mwaka 1688 walibaki na takriban 22, na mwaka 1703, baada ya ushindi wa mfalme Mprotestanti William III, takriban 14.

Kutoka silaha hadi mgomo wa kodi

Uasi wa 1798 ulijaribu kuwaunganisha Wakatoliki na Waprotestanti katika jamhuri moja. Ulizimwa, na kuanzia Januari 1801 Ireland ikaunganishwa rasmi na Uingereza. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni moja wakahama. Wapangaji walioshindwa kulipa kodi walitimuliwa na nyumba zao kubomolewa.

Michael Davitt, ambaye familia yake ilikuwa miongoni mwa waliotimuliwa, alianzisha Umoja wa Ardhi mwaka 1879, Charles Stewart Parnell akiwa rais wake. Wapangaji walikataa kodi za kuumiza, na kila aliyechukua shamba la jirani aliyefukuzwa alitengwa na jamii. Sheria ya 1881 ikatoa kodi ya haki na usalama wa upangaji. Ile ya 1903 iliwakopesha wapangaji fedha za kununua mashamba, kwa malipo ya miaka 68 na nusu.

Mashamba yaliporudi kwa wakulima, madai ya kujitawala yalibaki. Yaliongoza kwenye uasi wa 1916, vita vya 1919 hadi 1921 na mkataba wa kujitawala wa Desemba 1921. Hata hivyo, sheria ya 1920 ilikuwa imekwisha kuigawa nchi. Kati ya kaunti sita zilizobaki chini ya Uingereza, nne zilikuwamo katika mpango wa 1609. Mbili nyingine, Antrim na Down, zilijazwa walowezi, hasa Waskoti, kwa juhudi za watu binafsi. Wazao wa walowezi hawakuwa tena wageni, na wazao wa walionyang'anywa hawakuwa wamesahau. Makubaliano ya Belfast ya 1998 yalizitambua jamii zote mbili: watu wa kaskazini wana haki ya kujitambua kuwa Waairishi, Waingereza au vyote viwili, na hatima ya eneo hilo itaamuliwa kwa ridhaa ya walio wengi.