Picha ya Tangi Isiyo na Nyuso

(Mazungumzo kwa makatibu wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tumeombwa tuseme juu ya kamera. Wengine watauliza, kamera na maendeleo vinahusiana vipi? Tuwaeleze jambo lililotupata sisi wenyewe.

Siku kikundi kimoja cha huku Kitui kilipofungua tangi lake la maji, tulikwenda na kamera ya ofisi. Tuliwapanga wanachama mbele ya tangi jipya lililopakwa chokaa, saa sita mchana, jua la utosi. Tukabonyeza, tukapiga makofi, tukaenda kula. Tulipozitazama picha ofisini, tangi lilionekana vizuri sana. Lakini watu! Nyuso zote zilikuwa giza tupu, macho hayaonekani, tabasamu halionekani. Mbele kabisa alikaa nyanya mmoja tuliyezoea kumwita Susu, ambaye alibeba mawe na mchanga tangu siku ya kwanza. Mwaka uliofuata Susu aliaga dunia. Jamaa zake walikuja kuomba picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi. Tuliyokuwa nayo ni ile tu. Tuliwapa, lakini tuliona haya.

Tulisema kamera ni mbovu. Haikuwa mbovu. Tuliiweka kwenye "Auto", yaani tuliiacha ijiamulie yenyewe. Kamera hupima mwanga ulio mbele yake na kuufanya uwe wa wastani. Ikiona ukuta mweupe unang'aa, hudhani mwanga umezidi, nayo hupunguza. Kamera haimjui Susu. Anayemjua ni mpiga picha.

Basi tukaanza kujifunza. Fikirini mtungi chini ya mfereji. Kujaa kwake kunategemea mambo matatu: mfereji umefunguliwa kiasi gani, kwa muda gani, na mtungi wenyewe ni mkubwa kiasi gani. Kamera ni vivyo hivyo.

La kwanza ni tundu la lenzi. Huandikwa f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Hapa ndipo wengi wetu tulichanganyikiwa: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo! Ukitoka f/8 kwenda f/5.6, mwanga unaongezeka mara mbili. Tundu dogo huonyesha wazi watu wa mbele na vitu vya nyuma pia. Tundu kubwa hufifisha vya nyuma.

La pili ni muda. 1/60 ni sehemu moja ya sitini ya sekunde. Ukichukua muda mrefu kuliko huo, mkono ukitikisika kidogo tu picha inaharibika. Na mtu anayelima, jembe likiwa hewani, mpige kwa 1/500.

La tatu ni ISO. Namba ikipanda, ni kama mtungi umekuwa mdogo: mwanga kidogo unatosha. Kwenye jua weka 100, kivulini 400, ndani ya nyumba 1600. Lakini ikipanda sana, picha huwa na chengachenga.

Wapiga picha wa zamani walikuwa na kipimo chao cha kichwani: jua kali, ISO 100, basi f/16 na 1/125. Kianzieni hicho.

Sasa, turudi kwa Susu. Tungefanya nini siku ile? Kwanza, kuwahamishia watu kwenye kivuli, mbali na ukuta mweupe, au kupiga saa tatu asubuhi jua likiwa bado upande. Pili, kutafuta kitufe chenye alama za + na −, tukaweka +1. Hapo mwanga unaongezeka mara mbili. Ukuta utapauka, na uache upauke! Ukuta hauna jamaa watakaokuja kuomba picha yake. Tatu, kutazama picha kabla watu hawajatawanyika. Na mwenye simu aguse uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kubonyeza. Simu nyingi hupima mwanga pale ulipogusa.

Wakati wa filamu ya picha 36, kila kosa lilikuwa hasara. Kwa kamera za kidijitali kosa hufutwa, kwa hiyo msiogope. Fanyeni zoezi hili: mtu mmoja, mahali pamoja, picha tano. Geuza namba moja tu kila mara, zile nyingine uziache. Andika katika daftari ulichoweka na ulichopata. Baada ya wiki chache mkono utazoea.

Ombi letu ni hili: kila kikundi kichague watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wajifunze pamoja. Mkiomba msaada, picha husaidia. Mkigawana faida, picha hukumbusha nani alifanya kazi. Ila mwombeni mtu ruhusa kwanza, kisha hakikisheni uso wake unaonekana.

Asiyeuliza hana ajifunzalo. Sasa ulizeni maswali.