Sakafu ya Mbao: Ipige Msasa Kabla ya Kuing'oa

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wakazi wa maeneo ya magharibi ya jiji. Tumeyachapa kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala.

Nikisimama mbele yenu kwa kawaida huwa naleta habari za barabara, maji au takataka. Leo naomba tutazame chini ya miguu yetu.

Katika nyumba za zamani za Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Parklands, na katika baadhi ya ofisi kuukuu za katikati ya jiji, kuna sakafu za vibao vidogo vya mbao vilivyopangwa kama mkeka. Tunaziita parketi. Nyingi zimekuwa nyeusi kwa polishi ya miaka mingi, zina mikwaruzo ya viti na madoa ya maji. Mwenye nyumba akiitazama husema, "Hii imekwisha, leteni vigae." Ombi langu ni moja: kabla ya kuing'oa, mwite fundi aipige msasa.

Nawaambia kwa nini. Vibao vingi vya aina hiyo vilipasuliwa kutoka kwa mti wa muhugu, ambao wauzaji mbao huuita pia muhuhu. Huo si mti wa mbali. Huota hapa hapa Nairobi, katika misitu ya Karura na Ngong Road, na pia katika misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke. Mbao yake ni ngumu na nzito, mchwa huishindwa, na kwa sababu hiyo iliuzwa hata nje ya nchi kutengenezea sakafu. Lakini mti wenyewe hukua polepole mno, na wachonga vinyago nao wameukata kwa miaka mingi. Mwezi Februari 2018 serikali ya kitaifa ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wengi wetu tukaanza kuitazama mbao kwa jicho lingine. Kibao cha muhugu unachokitupa kwenye lori la taka si rahisi kupata mwenzake dukani.

Mafundi wetu wanajua kwamba kazi hii haikuanza na mashine. Neno lenyewe msasa ni jina la mti wenye majani makavu, makali kama ulimi wa paka. Seremala wa zamani alichuma jani akalainishia mbao. Leo tunanunua karatasi yenye namba, lakini kazi ni ile ile: kuondoa kidogo cha juu ili kizuri cha chini kionekane.

Sasa nikiri kosa la nyumbani kwetu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunangoja wageni wa posa, na sebule ya mama ilikuwa na parketi iliyochakaa. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mvua inanyesha mchana na usiku. Tulimtafuta fundi, tukamwambia tunataka kazi iishe kwa siku mbili. Alisita, tukamsukuma. Alifanya kazi amejifunga leso mdomoni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua, na jioni alikuwa akikohoa vumbi. Wageni walipokuja sakafu iling'aa. Kufikia Julai, mbao zilipokauka, nyufa zilifunguka kati ya vibao na vanishi ikabanduka kama ngozi ya nyoka. Tulilipa mara mbili. Fundi hakuwa na kosa peke yake. Haraka ilikuwa yetu. Nimejifunza tangu hapo kwa kuwauliza mafundi wazoefu, na ninayowaambia leo ni yale waliyonifunza.

Kwanza, chunguza. Gongagonga vibao kwa sarafu. Panapotoa sauti ya uwazi, gundi imeachia. Vibao hivyo vibandikwe upya kabla mashine haijawashwa. Ng'oa kibao kimoja karibu na mlango upime unene uliobaki. Kibao kinene cha mbao tupu kinaweza kupigwa msasa mara kadhaa katika maisha yake, kwa sababu kazi nzuri huondoa takriban milimita 1 au pungufu. Lakini kama ni utando mwembamba wa mbao juu ya ubao wa kubandika, mashine kubwa itautoboa. Hapo msasa wa mkono na vanishi mpya vinatosha.

Pili, tafuta maji yanatoka wapi. Sakafu iliyovimba karibu na bafu au chini ya dirisha haina ugonjwa wa sakafu. Ina ugonjwa wa bomba au wa paa. Tengeneza hapo kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha iache sakafu ikauke, na fundi aipime kwa kipima unyevu. Ukiweza, panga kazi nje ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba.

Tatu, zijue hatua. Chumba kitolewe vyombo vyote. Misumari izamishwe, la sivyo itararua msasa. Fundi huanza na msasa mkali, kama namba 40, kuondoa vanishi na polishi ya zamani. Halafu hupanda: namba 60, 80, mwisho 100 au 120. Namba ikipanda, msasa unakuwa laini. Asiruke hatua, maana mikwaruzo ya namba 40 haifutwi na namba 120. Vanishi ikipakwa ndipo inajitokeza. Mbao ndefu hupigwa kufuata nyuzi zake. Parketi ya mkeka, kwa kuwa nyuzi zake zinaelekea huku na huku, huanza kwa kukata chumba mshazari. Mashine kubwa isisimame mahali pamoja ikiwa inazunguka, kwani itachimba shimo ambalo halitoki. Kando ya ukuta hutumika mashine ndogo, na kwenye pembe ni mkono na kikwangulio. Vumbi laini la sakafu hiyo hiyo, likichanganywa na gundi yake, huziba nyufa ndogo kwa rangi inayolingana.

Baada ya hapo vumbi lote lifyonzwe, ndipo vanishi ipakwe, mara mbili au tatu, kila tabaka likauke na kulainishwa kidogo kabla ya linalofuata. Vanishi ya maji hukauka upesi na harufu yake ni ndogo. Ya mafuta huchelewa kukauka na huipa mbao rangi ya asali. Chagua, lakini soma maandishi ya kopo na uheshimu saa zilizoandikwa.

Nne, na hapa naomba tusikilizane vizuri: vumbi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Leso si kinga. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, miwani na vizuia kelele masikioni, na mashine iwe na mfuko au kivuta vumbi. Watoto, wazee na mwenye pumu wakae kwingine hadi usafi uishe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Lakini hata pasipo sheria, anayekohoa ndani ya nyumba yako ni baba wa mtu.

Tano, moto. Mfuko wa vumbi lenye vanishi usilale ndani ya nyumba. Vumbi hilo linaweza kufuka kimyakimya na kuwaka saa kadhaa baada ya fundi kuondoka. Limwage kila jioni kwenye ndoo ya chuma nje, mbali na ukuta. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya mbao visirundikwe. Vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze nje vikauke au viloweke kwenye maji. Vanishi ikipakwa, jiko na sigara vikae mbali. Mabaki yasimwagwe kwenye mitaro yetu.

Sita, majirani na makaratasi. Mashine hizi zina kelele, na kanuni za kelele za mwaka 2009 zinatuhusu sote. Fanyeni kazi mchana na mwambieni jirani mapema, hasa katika nyumba za ghorofa. Kama jengo lako limetangazwa kuwa la kihistoria, uliza Makumbusho ya Kitaifa kabla ya kugusa chochote. Na mapatano na fundi yaandikwe: ukubwa wa sakafu, namba za msasa, aina ya vanishi na idadi ya tabaka, nani anatoa vumbi, malipo kwa awamu. Mwombe apige kipande kidogo nyuma ya mlango kwanza, nanyi mkitazame pamoja. Bakisha sehemu ya malipo hadi kazi ikaguliwe kwa mwanga wa mchana, lakini ikiwa sawa mlipe siku hiyo hiyo.

Najua zipo sakafu zisizookoka. Iliyooza chini, au iliyokwisha unene, haina budi kung'olewa. Na nyumba nyingi za zamani katika maeneo yetu zinabomolewa kupisha ghorofa, hilo mnaliona. Hata hapo, msikubali vibao vigeuke kuni. Vikikwanguliwa lami ya chini na kupangwa kwa unene, vinapata sakafu nyingine. Mafundi mliopo hapa, hiyo ni kazi, na vijana wetu wanaitaka.

Mama yangu bado anaishi na sakafu ile. Mara ya pili tulingoja ukame, tukamnunulia fundi barakoa nzuri, tukahamia kwa shangazi juma zima. Mashine ilipopita mara ya kwanza, harufu ya mti ule ilijaa nyumba, tamu kama udi. Mama alisimama mlangoni akauliza, "Kumbe ilikuwa na rangi hii?"

Nendeni mkaangalie zenu.