Furaha Ndogo Zinazoilisha Kalamu
(Maneno ya sisi waandishi wa kambi, yaliyosomwa Kinyinya, Kigali, mbele ya wakimbizi wa mjini na wageni)



Tumeombwa tueleze jambo moja: sisi tunaoishi kwa mgao, hamu ya kuandika tunaitoa wapi? Wengi hudhani kwamba tunaitoa katika huzuni. Huzuni tunayo, wala hatuna haja ya kuitafuta. Lakini huzuni peke yake huandika ukurasa mmoja, kisha hurudia ule ule. Kinachotufikisha ukurasa wa pili ni furaha ndogo za kila siku.

Furaha ya kwanza ni mazungumzo ya jioni. Chai ikiwa nyepesi, ama ikiwa ni uji bila sukari, watu huketi pamoja. Mzee mmoja akitaja jinsi sombe ilivyotwangwa kwao Masisi, mwingine humkatiza na kusema kwao Rutshuru ilikuwa vingine. Katika ubishi huo hutoka maneno ambayo vijana wetu hawajapata kuyasikia. Mwandishi anyamaze, asikilize.

Ya pili ni kazi za mikono. Kufua, kusuka mkeka, kupalilia mchicha nyuma ya nyumba. Mikono ikishughulika, akili hutulia, na sentensi iliyokataa usiku huja yenyewe. Wenzetu waliohamishwa kutoka Gihembe mwaka 2021, kambi ile ilipofungwa, walitoka katika baridi ya milima wakaingia katika joto la Mahama. Wamejifunza kuandika alfajiri, kabla jua halijapanda. Saa ile ya ubaridi, jogoo akiwika, nayo ni starehe, na haigharimu kitu.

Ya tatu ni vitendawili vya watoto. Mtoto akisema "kitendawili", nasi tukajibu "tega", anatufundisha kuangalia kitu cha kawaida kana kwamba ni kigeni. Mwandishi hana shule bora kuliko hiyo.

Ya nne ni redio, na hapa Kinyinya tuna sababu ya kuitaja. Katika mlima huu kilikuwapo kituo cha Deutsche Welle cha kurushia matangazo ya masafa mafupi, mpaka kilipofungwa Machi 2015. Idhaa yao ya Kiswahili ilianza mwaka 1963 na ingali ipo. Wengi wetu tulijifunza Kiswahili cha kuandika kwa kuisikiliza redio, sikio likiwa karibu na spika ili betri zidumu.

Ndugu zangu, wako wanaotuuliza: ni haki kufurahi, na wengine wamezikwa njiani? Swali hili ni zito. Tunajibu hivi: waliozikwa nao walicheka, waliimba, walipenda samaki wa kukaanga. Tukiandika kifo chao tu, tutakuwa tumewazika mara mbili.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa gerezani nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi yake, akatoka mwaka 1972. Humo ndani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, nayo yakatoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Dhiki ndiyo iliyompa habari za kusema. Lakini vina na mizani alikuwa nazo tangu Mombasa, ambako watu hufurahia ushairi kama wanavyofurahia chakula. Naye Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 akafika Uingereza akiwa kijana mkimbizi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Katika hotuba yake hakuanza na machungu. Alianza kwa kueleza jinsi kuandika kulivyomfurahisha tangu alipokuwa mwanafunzi, akikingoja kwa hamu kipindi cha kutunga hadithi.

Kwa nini tunayasema haya leo? Kwa sababu wazee wetu wanapungua. Mtoto aliyezaliwa kambini anaijua Masisi kama neno katika fomu. Fomu huuliza jina, umri, na idadi ya watu wa nyumba. Haiulizi bibi aliimba nini akitwanga. Tusipoandika sisi, hakuna atakayeandika, na mtoto atarithi malalamiko bila kurithi nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwenu wakazi wenzetu: mkimwona kijana amekaa na daftari, msimwite mvivu. Mpeni hadithi moja, kisha mtume maji. Kwenu wafanyakazi wa mashirika: tunajua fedha zimepungua, na chakula na dawa hutangulia. Hata hivyo, mnapohesabu mahitaji, kumbukeni daftari, kalamu, na chumba chenye taa kwa saa moja jioni. Mkija kututembelea, msituulize tu tulichopoteza. Tuulizeni pia tunachokipenda. Mtapata majibu marefu.

Haba na haba hujaza kibaba. Ukurasa mmoja kila alfajiri, mwaka ukiisha, ni kitabu.