Ulinipa Mchungwa, Umezaa Malimao

Maneno ya mwanamemba wetu anayeshughulika na pepinyeri, mbele ya mkutano wa wanamemba, Uvira

 

Nikipita njiani, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, kuna lalamiko moja ambalo halinikosi: "Papa, ulinipa mchungwa, mbona umezaa malimao?" Leo nijibu mara moja.

Mche niliokupa ni miti miwili. Chini ni mlimao, ule wa ganda la vinundu, kwa sababu mizizi yake inavumilia mchanga wetu na jua letu. Juu ni mchungwa. Kambini Tanzania tuliita kubebesha, hapa wengi wanasema kugrefe, kazi ni ile ile. Sasa, sehemu ya juu ikifa, ile ya chini haifi. Inachipua, inatoa miiba, inapanda kwa nguvu, na wewe unafurahi: mti umepona! Kumbe chungwa lilishakufa, unamwagilia limao miaka mitatu.

Basi kila juma piga magoti, tafuta lile kovu la kuunganisha. Chipukizi lolote chini ya kovu livunje kwa kidole likingali laini. Usiache hata moja, hata kama linapendeza.

Nini kinaua sehemu ya juu? Watu wanasema sisimizi. Mimi nasema kwanza mbuzi. Mwezi wa saba na wa nane nyasi zimekauka, mbuzi wanaachiwa, na jani la kijani pekee ni la mche wako. Mbuzi akishakula ile ncha mara moja, kazi ya mwaka imekwisha. Kwa hiyo uzio unatangulia mche. Matete au miiba, ufike kifuani, na uwe mbali kiasi kwamba shingo ya mbuzi haifiki. Mtu akija kuchukua mche kabla ya kujenga uzio, nitamrudisha, hata akiwa shemeji yangu.

Halafu ile nailoni niliyofungia. Watu wanaiacha wakidhani ni dawa. Kovu likishashika na chipukizi la chungwa likianza kukua, ikate kwa wembe upande wa nyuma. Ukiiacha, shina linanenepa na nailoni inalikaba shingo. Upepo wa ziwa ukija, mti unakatikia pale pale. Na udongo usifunike kovu kamwe, shina litaoza.

Sasa tuje kwa sisimizi. Sisimizi hali mti. Yeye ni mchungaji. Geuza jani changa lililojikunja, utaona vidudu vidogo vyeusi vimejazana: hao ni vidukari. Wananyonya maji ya mti na kutoa utamu, sisimizi anakunywa ule utamu, na kwa malipo anawafukuza wadudu wanaokula vidukari. Ule weusi kama masizi juu ya majani unatokana na utamu huo. Na vidukari hubeba ugonjwa unaoitwa tristeza, ambao hauna dawa. Ndio uliomaliza michungwa kwa mamilioni kule Brazil na Argentina miaka ya 1930 na 1940, hasa ile iliyobebeshwa juu ya mdanzi. Hiyo nayo ni sababu ya mimi kubebesha juu ya mlimao.

Kwa hiyo usipoteze franga kununua sumu ya sisimizi. Osha vidukari asubuhi kwa maji ya sabuni kidogo, chini ya majani, na urudie baada ya siku chache. Kisha mzuie mchungaji asipande: zungushia shina kitambaa, juu ya kitambaa paka grisi. Si juu ya ganda! Kuna mama alipaka grisi kwenye ganda lenyewe, likaungua. Na kijiti cha kuegemezea nacho kifungwe hivyo hivyo, nyasi zisiguse majani. Jani moja la nyasi ni daraja tosha.

Mchwa ni habari nyingine, yeye anakula ganda kabisa. Majani makavu ya kufunika udongo yakae umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina.

Kuna jambo moja lililobaki, nalisema polepole. Nimeona miche iliyokatwa usiku kwa panga. Tunajua wote: aliyeazimwa shamba anapanda muhogo na maharagwe. Mti wa miaka mingi ni kama kusema shamba ni langu. Sisi tuliorudi, wengi tumekuta mtu mwingine kwenye udongo wa wazazi wetu, au tunalima kwa ruhusa ya jirani. Majivu na grisi havizuii panga. Kabla ya kupanda, keti na mwenye udongo, mbele ya chefu wa kijiji na majirani wa pande zote, muandike karatasi: miti ni ya nani, matunda ni ya nani, wewe ukihama inakuwaje. Mimi niko tayari kuja kuketi nanyi.

Wafadhili wetu, kila mara mnatuuliza tumegawa miche mingapi. Tuulizeni mingapi imevuka kiangazi cha pili ikiwa bado michungwa. Hesabu hiyo itakuwa ndogo zaidi, lakini tutakuwa tumeihesabu mti kwa mti.

Wenye nailoni ambayo haijakatwa wabaki kidogo, wembe ninao hapa, niwaonyeshe.