Chawa Hawaishi kwa Wembe

Msikilizaji, chawa wakionekana kichwani mwa mwanafunzi, amri ya kwanza huwa ni arudi nyumbani akanyolewe. Amri hiyo inamwadhibu mtoto, chawa anabaki salama. Chawa wa kichwani haruki wala hana mbawa. Anatambaa, na anahama vichwa vikigusana. Hapa Plateau, kaunti ya Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku huwakusanya watoto chini ya blanketi moja. Ukimnyoa mmoja ukawaacha anaolala nao, nywele zikiota tu watamrudishia. Dawa nayo haifui dafu bila maelezo. Yai la chawa hugandamana na unywele karibu na ngozi, na huchukua wiki moja hivi kuanguliwa. Dawa ya permethrini humuua chawa, lakini mayai mengi hubaki hai. Mzazi akipaka mara moja na kutulia, wiki ya pili mtoto anajikuna tena na dawa inalaumiwa bure. Angeambiwa arudie siku ya tisa, awatibu walalao pamoja siku hiyohiyo, na apitishe kitana chenye meno yaliyobanana, angefaulu.

Wapo watakaosema wembe ni rahisi kuliko dawa. Ni kweli, na mzazi anayemnyoa mwanawe kwa ridhaa simlaumu. Ila wembe mmoja ukipita vichwa vingi huweza kueneza mapunye, hata homa ya ini, na msichana aliyenyolewa kwa nguvu mbele ya wenzake atajificha safari ijayo. Kinachonitia hofu zaidi ni dawa ya kupe kupakwa kichwani mwa mtoto. Uasin Gishu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na chupa ya dawa hiyo haiko mbali na mkono wa mzazi aliyekata tamaa. Sumu yake hupenya ngozi ya mtoto. Tafadhali, isiguse kichwa chake.

Na hoja kwamba ataambukiza darasa zima? Mara nyingi chawa amekaa wiki kadhaa kabla ya kuonekana, kwa hiyo kumfukuza saa nne asubuhi hakuzuii kitu, kunampotezea masomo tu. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao kazi yao ni kutembelea nyumba. Mwalimu, zungumza na mzazi faraghani, kisha mwombe mhamasishaji wa kijiji afike kwao wiki hiyohiyo, na arudi tena siku ya tisa.