Vidole Vinavyokaza Asubuhi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Olkaria)



Kamati imetuomba tuseme juu ya mikono. Si mikono ya kupiga kura, bali hii ya kufunga vali na kushika grainda, na kwa wale ambao jamaa zao wako mashamba ya maua kando ya ziwa Naivasha, mikono ya kukata waridi tangu alfajiri. Mfanya kazi akipotewa na vidole hana kingine cha kuuza.

Kuna maradhi ambayo sote twayaita baridi yabisi. Jina hilo limetudhuru, maana latufanya tuilaumu baridi. Ni kweli asubuhi za hapa ni baridi, na tangu umeme wa mvuke ulipoanza kutoka Olkaria mwaka 1981 watu wa zamu ya usiku wamerudi nyumbani wakipuliza vidole. Lakini maradhi tunayoyasema leo, ambayo madaktari huyaita rumatoidi athraitisi, hayaletwi na baridi. Ni askari wa mwili wenyewe waliogeuka na kuushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huvimba, ukawa mnene, na mwisho ukautafuna mfupa ulio karibu. Mfupa uliotafunwa haurudi kama ulivyokuwa.

Mtajuaje? Aliyechoka kwa kazi huumia zaidi kadiri anavyofanya kazi, naye akilala hupata nafuu. Huyu mwingine ni kinyume: kulala ndiko kunakomkaza. Anaamka hawezi kufunga kifungo cha shati, na inapita nusu saa, hata saa nzima, kabla vidole havijakubali. Huanzia kwenye vifundo vile vinavyounga vidole na kiganja, na vile vya katikati ya vidole, na mara nyingi mikono yote miwili. Vijana wa grainda ambao vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, hayo ni mengine, yatoka kwenye mtetemo, nayo tutayasema siku yake.

Akina mama wasikilize zaidi. Katika uchunguzi wa wagonjwa 60 wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, uliochapishwa mwaka 2009, wanawake walikuwa 52. Sisi wenyewe tunaye mwenzetu mmoja, mama wa miaka 34, aliyekwenda zahanati fulani akaambiwa ati ni uzee. Akaficha mikono yake miaka miwili, kwa hofu ya kuachishwa kazi. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, na Jumapili akaenda kuoga maji ya moto. Maji ya moto hapa tunayo tele, nayo yalegeza vidole kweli, lakini hayazuii mfupa kutafunwa. Leo vidole vyake viwili vimepinda.

Sasa tuje kwenye picha. Eksirei huonyesha mfupa, na ikionyesha tundu, basi mwizi amekwisha ingia nyumbani. Mashine ya MRI hufanya kazi kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio, bila miale ya eksirei. Yaonyesha utando uliovimba, na yaonyesha majimaji yaliyoingia ndani ya uboho wa mfupa, jambo ambalo eksirei haiwezi kabisa. Majimaji hayo ni onyo kwamba mahali hapo huenda patatafunwa.

Lakini tusidanganyane. Picha hiyo ni ghali, na hata mikono ya watu wazima wasio na ugonjwa huweza kuonyesha uvimbe kidogo. Kwa hiyo haitoi hukumu peke yake. Daktari kwanza ashike vidole kimoja kimoja, apime damu, na pengine atumie picha ya mawimbi ya sauti, kama ile wanayopigwa wajawazito, ambayo bei yake ni nafuu. Mwaka 2022 madaktari wa Leiden, Uholanzi, walitoa habari za watu 236 waliokuwa wakiumwa viungo, ambao MRI ilionyesha uvimbe ingawa mkono wa daktari haukuona kitu. Nusu walipewa dawa ya methotrexate mwaka mmoja, nusu vidonge vitupu. Baada ya miaka miwili, walioshikwa na ugonjwa wenyewe walikuwa karibu sawa pande zote. Lakini waliopewa dawa waliumwa kidogo zaidi na walitumia mikono yao vizuri zaidi. Kwa mtu wa kazi, hilo si dogo.

Dawa hiyo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa juma. Si kila siku! Kuimeza kila siku kwaweza kuua. Na mama mwenye mimba asiiguse.

Jambo moja ni la mafundi wa kuchomelea na wa grainda hasa. Ukitumwa MRI, useme kama chembe ya chuma iliwahi kukuingia jichoni, hata kama ni miaka 10 iliyopita, hata kama uliambiwa imetoka. Sumaku ile haizimwi baada ya kazi, na yaweza kuivuta chembe ndani ya jicho na kukupofusha. Watakupiga eksirei ya macho kwanza. Msione haya, wala msifiche ili kuharakisha foleni.

Juu ya kazi: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa aliyetumika miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini tu. Siku 14 hazimtoshi mgonjwa huyu, na ndiyo sababu kamati yataka mapatano yajayo yataje miadi ya kliniki na kazi nyepesi.

Ambaye vidole vyake hukaza asubuhi na kuvimba majuma 6 sasa, aje kwa katibu baada ya mkutano, tumwandikie barua ya kwenda kwa daktari. Hatutasoma jina lake mbele ya watu.

Sasa tunapokea maswali.